Koti la Kahawia na Daftari la Bibi

  Leo naomba tuongee habari ya nguo na vitabu. Nitawaungamia pia kosa nililolifanya nyumbani kwangu mwenyewe, maana nadhani siko peke yangu.

Mimi ni mtoto wa kisiwani. Nimezaliwa Ukerewe, nikaolewa Musoma, na sasa naishi Bweri, mwendo mfupi kutoka stendi ya mabasi. Nikitaka kwenda kwetu napanda gari hadi Bunda, kutoka hapo nashika njia ya Kisorya, kisha kivuko. Kazi yangu ni cherehani. Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mgeni.

Fundi wa nguo huuona mtindo kabla haujafika kanisani. Miaka hii mabinti wananiletea makoti mazito ya mtumba, ya kahawia, ya kijivu, ya kijani iliyokolea, wanataka niwapunguzie mabega na kuwabania kiuno. Wanaleta sketi za marinda zinazoshuka chini ya magoti. Wanatafuta mashati meupe ya kufunga hadi kifungo cha mwisho, moka za ngozi, soksi ndefu, mkoba wa begani kama wa tarishi. Nywele wanazibana nyuma. Wengine wanavaa miwani na macho yao hayana shida yoyote. Na mkononi lazima kiwepo kitabu, tena kile chenye jalada lililochakaa. Ukiwauliza, wanakwambia wanataka kuonekana kama wasomi wa zamani.

Mtindo huu umetoka kwenye simu. Vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa nao miaka kadhaa, lakini uliwaka hasa mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Korona. Watu walifungiwa ndani, wakaanza kutamani maktaba, madawati, hata harufu ya karatasi. Na sisi tunakumbuka, maana shule zetu nazo zilifungwa Machi mwaka ule zikafunguliwa Juni. Kwa hiyo mimi siuoni mtindo huu kama upuuzi. Ulipata nguvu wakati watu walipolikosa darasa.

Lakini sikuwaza hivyo siku zote.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Likizo ya Juni mwaka jana alidunduliza fedha yake akajinunulia koti la kahawia mnadani. Akalifua, akalipiga pasi, akalifunga vifungo vipya mwenyewe. Jumamosi moja akatoka nalo hadi kibandani kwangu, kavaa na sketi yangu ya zamani, kakumbatia Juliasi Kaizari, kitabu alichokiazima maktaba mjini. Nilikuwa na wateja wawili. Nikasema kwa sauti, "Haya, profesa wa Bweri amefika! Mpisheni kiti." Wateja wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na digrii kaipatia stendi." Nikacheka na mimi.

Mwanangu alitabasamu kidogo, akasema, "Shikamooni," akarudi ndani. Koti likaenda kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku zote likizo alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye benchi langu na kusoma wakati nashona. Hakukaa tena.

Baada ya wiki tatu nikalishusha lile koti nilikung'ute vumbi. Mfuko wa ndani ulikuwa na kidaftari, kile cha kuandikia madeni ya dukani. Nikadhani nitakuta barua ya mvulana. Nilichokikuta ni orodha ya maneno yaliyomshinda kwenye kile kitabu, na mbele ya kila neno maana yake kwa penseli. Maneno 41. Mengine hata mimi sikuyajua. Orodha iliishia siku ile ya Jumamosi.

Dada zangu, nilikaa chini. Kilichonijia kichwani ni bibi yangu mzaa mama.

Bibi alizaa watoto wanne kabla hajajua kushika kalamu. Alipata bahati kwa sababu ya mahali alipoishi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha zikatajwa wilaya sita ambazo zilitakiwa ziwe zimefuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971. Kati ya hizo sita, mbili zilikuwa za visiwani: Mafia kule baharini, na Ukerewe yetu. Huku Kanda ya Ziwa, Mara ikiwemo, ulikuwepo pia mradi wa UNESCO tangu 1968, na vitabu vyake vya kufundishia vilizungumzia mambo ambayo mtu mzima anayajua kwa mikono yake, kama pamba, ndizi na uvuvi. Wakati wa sensa ya 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 serikali ilihesabu kwamba wamebaki karibu mmoja katika kila kumi. Nyuma ya hesabu hiyo wamo wanawake wengi waliotoka shambani mchana wakaenda kujifunza herufi jioni.

Sisi tulikiita kisomo. Bibi alitusimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akijiandaa. Alikuwa na doti moja ya khanga ambayo hakuipeleka shamba wala jikoni. Hiyo ndiyo aliyoivaa kwenda kisomo. Alioga, akajipaka mafuta, akafunga kilemba vizuri, akalifunga daftari lake ndani ya nailoni lisilowe mvua. Siku ya kwanza babu alimwuliza anakwenda kwenye harusi ya nani. Akamjibu, "Naenda darasani, na darasani hawaendi na matambara." Njiani wanawake wenzake walimsalimia, "Shikamoo, mwalimu," kwa kejeli. Aliitikia, "Marahaba," akaendelea na safari yake.

Nilipokuwa mdogo nilichekea jibu lile. Sasa naona alichokuwa akifanya. Bibi hakusubiri ajue kusoma ndipo avae kama mtu anayesoma. Alivaa kwanza, kwa sababu ile khanga ilikuwa inamwambia yeye mwenyewe, na inawaambia wote njiani, kwamba saa hiyo hakuna wa kumtuma maji. Baadaye akawa anasoma kitabu chake cha nyimbo, anasoma barua za wanawe, anasoma Elimu Haina Mwisho, lile gazeti la Kanda ya Ziwa lililochapwa Mwanza kwa ajili ya watu waliotoka kisomo. Daftari lake ninalo hadi leo. Kurasa za mwanzo ni vijiti na vikombe, mistari imelala huku na huku. Kurasa za mwisho kuna jina lake, majina ya watoto wote, na bei ya pamba.

Hoja yangu ya leo ni hii. Mavazi ya usomi ni ya mtu yeyote anayekusudia kusoma, awe na cheti au hana. Mwenye kuyavaa ayachukue kama ahadi. Na sisi tunaomtazama tuache kumcheka, kwa sababu kicheko chetu kinavunja ahadi hiyo kabla haijaota mizizi.

Nasikia wengine mkisema, "Lakini huo si utamaduni wetu, ni wa vyuo vya Wazungu." Sehemu ya neno hilo ni kweli. Picha za kwenye simu zimejaa majengo ya mawe ya Uingereza na wasichana wenye mashada ya funguo na mishumaa. Lakini msiwape Wazungu usomi wa kale kana kwamba sisi hatukuwa nao. Hebu tuangalie hapa hapa jirani.

Kutoka Bweri hadi Butiama ni safari ya asubuhi moja. Nyerere alipelekwa Shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Akapita Tabora, Makerere na Edinburgh, akarudi kufundisha. Alipokuwa Rais, kazi zikiwa zimemzidi, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Moja ndiyo hiyo aliyokuwa ameikumbatia binti yangu, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza 1963, na nyingine ni Mabepari wa Venisi ya 1969. Uzeeni akazigeuza Injili kuwa utenzi. Mavazi yake tunayakumbuka wote, zile suti rahisi zisizo na tai. Angeweza kuitwa kwa vyeo vikubwa, lakini jina lililomkaa ni Mwalimu. Kwa hiyo mtoto wa Bweri akivaa koti rahisi na kubeba Kaizari wa Kiswahili, ameiga jirani yake wa Butiama.

Vuka sasa maji hadi kwetu Ukerewe. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alisoma seminari, akajifunza Kilatini na Kijerumani, kisha akarudi kisiwani na kuandika kwa lugha yake ya Kikerewe. Hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliosumbuliwa na kukosa mtoto, aliimaliza 1945. Hakupatikana mchapishaji wa kuitoa kwa Kikerewe. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapwa 1980. Mwaka uliofuata alifariki, nakala zikiwa bado hazijamfikia mkononi. Miaka 35 mtu anatunza karatasi zake kisiwani, bila mpiga picha na bila wa kumshangilia. Nikisikia neno "usomi wa zamani," mimi namwona yule mzee.

Na kama mnataka mwanamke wa kisiwani, yupo Mwana Kupona binti Msham wa Pate, karibu na Lamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Anamwita binti aje karibu na wino na karatasi, kisha anamfundisha dini, adabu na mambo ya nyumba, hata namna ya kujipamba na kujifukiza. Kwake yeye, pambo na kalamu vilikaa kwenye mkeka mmoja. Yapo mawaidha yake kuhusu mume ambayo leo tutabishana nayo, na tubishane. Lakini kumbukeni kwamba mama yule alimwachia bintiye maandishi. Mimi niliyesoma hadi kidato cha nne nilimwachia wangu kicheko.

Neno la pili ninalolisikia ni, "Huko ni kujionyesha, na mwanamke mcha Mungu hajionyeshi." Hili nalipokea kwa heshima, kwa sababu kujionyesha kupo. Wapo wanaopiga picha na kitabu kilichogeuzwa chini juu. Lakini tuwe wakweli. Tunavaa sare za kwaya, sare za harusi, madera ya kitambaa kimoja watu ishirini, na hatusemi ni kiburi. Kwa nini nguo ikisema "nasoma" ndiyo iwe kiburi? Kiburi hakikai kwenye kola. Kinakaa kwenye ulimi unaomdharau asiyejua. Mimi nilikuwa nacho siku ile na nilikuwa nimevaa khanga tu.

Neno la tatu linauma zaidi: "Una digrii gani wewe?" Hili tunawaambia mama wa nyumbani, wauza samaki, mabinti waliokatishwa masomo kwa mimba. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni, lakini ruhusa ya barazani hatujaitoa. Anaonekana na daftari, tunamwuliza mtoto kamwachia nani. Anavaa shati jeupe, tunamwuliza anakwenda kufanya usaili wapi. Tumelifanya darasa kuwa mahali pa kuingia mara moja tu utotoni, na ukitoka mlango unafungwa. Bibi zetu wa mwaka 1971 wangetushangaa.

Basi kwa wanaotaka kuujaribu mtindo huu, pokeeni ushauri wa fundi.

Kwanza, jua la Musoma si la London. Koti la sufi saa nane mchana litakupika. Ukilipenda, mwambie fundi atoe bitana yote na zile pedi za mabega. Litapungua uzito na litapitisha hewa. Lakini kizuri zaidi ni kizibao cha kitenge juu ya shati la pamba la mikono mirefu. Kinakupa umbo lile lile na hakikutoi jasho. Koti lingoje jioni, upepo wa ziwa unapoanza.

Pili, usinunue kila kitu. Shati moja jeupe, sketi moja nzuri, kiatu kimoja kinachong'aa kwa kusuguliwa. Wasomi wa zamani tunaowapenda walikuwa na nguo chache walizozitunza. Kushona kiraka kizuri kwenye kiwiko ni sehemu ya mtindo, na kwa fundi hakitakugharimu sana.

Tatu, miwani. Usivae miwani ya mtumba yenye lenzi za mtu mwingine kwa ajili ya urembo. Lakini hapa nina jambo kubwa zaidi kwa sisi tuliopita miaka 40. Wengi wetu tumeacha kusoma tukidhani kichwa kimechoka, kumbe ni macho. Mimi nilianza kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikapimwa, nikapata miwani ya kusomea, na maandishi madogo yakarudi. Ukijiona unasogeza kitabu mbali ndipo uone, nenda kapimwe. Hiyo ndiyo miwani ya usomi ninayokupendekezea.

Nne, kurasa kumi kabla ya picha. Piga picha upendavyo, lakini soma kurasa kumi kwanza. Wasio na fedha ya vitabu waende maktaba, na vile vya kiada vya kaka na dada zao waliomaliza wavitoe kwenye maboksi. Weka kidaftari mfukoni, andika maneno usiyoyajua. Hata kitabu cha dini unachobeba kila wiki kinaweza kusomwa hivyo, polepole, na kalamu mkononi.

Tano, tafuta nusu saa yenye mlango. Mwanamke wa kwetu hakosi kitabu kama anavyokosa nusu saa. Iambie nyumba yako kwamba saa fulani uko darasani. Vaa kitu kinachosema hivyo, kama bibi alivyovaa ile doti yake. Watoto wataelewa haraka kuliko mume, na mume ataelewa.

Kuhusu binti yangu, nilimwomba radhi. Haikuwa rahisi, maana kwetu mzazi akiomba radhi hutafuta njia ya kuzunguka. Humwekea mtoto kipande kikubwa cha samaki na mambo yakaisha. Nilimwambia wazi: "Mwanangu, nilikucheka mbele ya watu, na nilikosea." Akasema, "Yameisha, mama." Lakini nilimjua, hayakuwa yameisha.

Nikamletea daftari la bibi, alikuwa hajawahi kuliona. Alilifungua kimya, akapitisha kidole kwenye vile vijiti vya mwanzo. Akaniuliza, "Hapa alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia alikuwa na watoto wanne. Akakaa nalo jioni nzima.

Sasa tuna desturi. Siku za likizo, baada ya chakula cha jioni, mimi nashona naye ananisomea. Tumemaliza Kaizari. Tumeanza Myombekere, na kwa kuwa nimekulia Ukerewe, mimi ndiye ninayemweleza mambo ya kule. Akifika kwenye neno gumu ananiuliza, nisipolijua tunaliandika. Orodha imepita 100.

Koti bado hajalivaa barabarani. Analivaa ndani, upepo ukiingia dirishani. Simharakishi. Juzi aliniomba nimpanulie ule mfuko wa ndani ili daftari kubwa liingie. Nimempanulia, na nimeushona mara mbili usichanike.